Gari linalia ukikata kona taratibu: kelele ipi isubiri, ipi isisubiri

Kila tunapomwalika fundi wa magari studio, swali moja halikosi. Msikilizaji anapiga simu, anasema gari lake lina kelele kwenye steringi. Ukimuuliza kelele gani, anajibu, "Inalia tu nikikata kona." Hapo fundi anaanza kuuliza: inalia gari likiwa limesimama au likitembea? Ukikata kulia au kushoto? Inagonga, inakwaruza, au inaunguruma? Mara nyingi kipindi kinaisha kabla hajafika kwenye jibu. Ndiyo maana tumeandika makala hii, uisome kwa nafasi yako ukiwa karibu na gari lenyewe.

Tuanze na jambo moja ambalo limewapotezea watu fedha nyingi. Kelele inayotokea ukizungusha usukani si lazima iwe ya steringi. Usukani unageuza matairi mawili ya mbele, na kila kinachoyashika matairi hayo kinageuka pamoja nayo au kinabeba uzito: shafti, bolijointi, tairodi, shokapu, springi, hata breki. Sisi tunailaumu steringi kwa sababu mikono yetu iko pale.

Mimi mwenyewe niliingia kwenye mtego huo. Gari langu lilianza kulia nikiligeuza uani. Fundi wa kwanza alisikiliza dakika moja, akasema ni pampu ya pawa steringi. Nikatafuta pampu ya mtumba, ikafungwa, na kesho yake kelele ilikuwa pale pale. Fundi wa pili hakushika spana. Aliweka kiganja kwenye springi ya mbele, akamwambia kijana wake azungushe usukani, kisha akaniambia nami niweke kiganja changu. Nilisikia springi ikikwama, halafu inaruka. Tatizo lilikuwa beringi ya juu ya shokapu, na pampu yangu ya zamani ilikuwa nzima kabisa. Hakuna aliyeniibia, tulibahatisha, nami nikalipia.

Kwa nini kelele hizi hujitokeza zaidi gari likiwa kwenye mwendo mdogo? Kwanza, ni wakati huo tu ndipo unapogeuza usukani hadi mwisho, ukiegesha, ukigeuza gari njiani au ukiingia uani. Ukiwa kwenye mwendo mkubwa, usukani unasogea kidogo tu. Jointi ya shafti ikikunjwa mpaka mwisho ndipo pale palipolika panapoguswa. Pili, tairi lililosimama ni gumu kuligeuza kuliko linalotembea, kwa hiyo pampu, mkanda na tairodi vinafanya kazi nzito kuliko wakati wowote, tena injini ikizunguka polepole. Na tatu, hakuna upepo wala mngurumo wa barabara wa kuifunika sauti. Gari halikuanza kuharibika pale uani. Pale ndipo lilipopata nafasi ya kusikika.

Sikiliza kabla ya kufungua chochote

Tafuta uwanja mtupu, wa mpira au wa mnada siku isiyo ya mnada, na uwe na mtu wa kukusaidia. Zima redio (leo tu, tunakuruhusu), fungua vioo.

Gari likiwa limesimama na injini inaunguruma, zungusha usukani polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Usiushikilie kwenye mwisho zaidi ya sekunde chache, kwa sababu pale pampu inasukuma mafuta ambayo hayana pa kwenda, nayo hupata joto haraka. Kama kelele ipo hata gari halijasogea, basi si shafti, kwa kuwa shafti hulia ikizunguka. Angalia upande wa pampu, mkanda, bolijointi au beringi ya shokapu.

Kisha zima injini, acha ufunguo umewashwa ili usukani usijifunge, na uuzungushe tena. Utakuwa mzito, lakini sogeza hata kidogo. Kelele ikiwa imepotea, ilikuwa ya kitu kinachoendeshwa na injini, yaani pampu au mkanda. Ikibaki, ni chuma au raba inayosuguana huko chini.

Hatua ya tatu, endesha gari polepole kwa duara, usukani ukiwa umekaribia mwisho, kwanza kushoto, halafu kulia, kisha rivasi. Ukiwa kwenye duara, kanyaga mafuta kidogo, halafu achia. Msaidizi wako asimame pembeni, mbali na njia ya gari, arekodi kwa simu.

Kwenye kurekodi nina la kuongeza, maana ndiyo kazi yangu. Upepo ndio unaoharibu rekodi nyingi tunazotumiwa. Msaidizi aupe upepo mgongo, afunike tundu la maikrofoni kwa kitambaa chepesi, na aseme kwa sauti kabla ya kila duara: "Kushoto," "Kulia," "Rivasi." Rekodi ya nusu dakika yenye maneno hayo matatu itamsaidia fundi aliye mjini kuliko maelezo ya robo saa kwa simu.

Kugonga "ko!" na kulia kama mlango: hii isisubiri

Ukisikia kitu kikigonga mara moja, "ko!", unapoanza kugeuza usukani au unapopita kwenye shimo huku umekata kona, au ukisikia mlio mzito kama mlango wa ghala wenye bawaba zilizokauka, fikiria kwanza bolijointi na tairodi.

Bolijointi ni kitufe cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe chake. Ndiyo inayounganisha mkono wa chini na sehemu inayobeba tairi, na ndiyo inayoliwezesha tairi kugeuka huku likipanda na kushuka. Tairodi ina kitufe kama hicho mwishoni, nayo inalivuta na kulisukuma tairi kufuata usukani. Vyote viwili vimevikwa raba ndogo yenye grisi ndani. Raba ikipasuka, vumbi la kiangazi na matope ya masika vinaingia, grisi inakauka, chuma kinasaga chuma. Kwanza inalia, baadaye inagonga. Mwisho wake kitufe huchomoka kwenye kikombe.

Bolijointi ikichomoka, tairi linalala ubavu na gari linakaa chini upande huo. Tairodi ikichomoka, tairi moja linaenda linakotaka, na usukani hauna tena la kufanya. Mara nyingi hutokea kwenye kona na mwendo mdogo, kwa sababu hapo ndipo mzigo wa kusukuma pembeni ni mkubwa, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba itasubiri uwe uani. Kama gari lako ni mchomoko, abiria wako ndio wanaobeba hatari hiyo bila kujua.

Kuipima unahitaji jeki. Simamisha gari mahali tambarare, vuta hendibreki, tia mawe nyuma na mbele ya matairi ya nyuma, ndipo unyanyue tairi moja la mbele. Lala tairi la spea chini ya chesisi karibu na jeki, ili jeki ikiteleza gari lisikukandamize. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Sasa shika tairi juu na chini, ulitikise kwa kulivuta na kulisukuma. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, ni beringi ya tairi. Ukibaki, ni bolijointi. Halafu shika tairi kushoto na kulia, utikise tena. Likicheza upande huo tu, tairodi ndiyo ya kuangalia. Kuna kipimo kingine cha tairodi kisichohitaji jeki: matairi yakiwa chini, msaidizi asukume usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, nawe tazama kitufe cha tairodi. Fimbo na tairi vinatakiwa kusogea kwa pamoja. Kama fimbo inatangulia na tairi linafuata kwa kuchelewa, imekwisha.

Kwenye Hiace, Hilux na magari mengine yenye mikono miwili, wa juu na wa chini, jeki ikiwekwa mahali pasipofaa bolijointi iliyolika inaweza kubanwa na springi ikaonekana nzima. Huko mwachie fundi anayelifahamu gari hilo.

Gari likionyesha mchezo kwenye vipimo hivi, usilipeleke gereji ya mbali kwa kuliendesha. Muite fundi aje na spea. Najua hili ni gumu kwa walio kilomita 40 kutoka mjini na lami, na najua pia wapo wanaofunga bolijointi kwa waya au raba ya tyubu "ili ifike tu". Raba hiyo inazuia kelele. Haizuii kitufe kuchomoka. Baada ya kubadilisha tairodi, gari lipimwe alaimenti, la sivyo matairi mapya yataliwa upande mmoja ndani ya muda mfupi.

"Ta-ta-ta-ta": jointi ya shafti

Huu ndio mlio rahisi kuutambua. Gari likitembea kwenye duara unasikia "ta-ta-ta-ta", kama mtu anayegonga kwa kijiti kwenye bati. Ukiongeza mwendo, mapigo yanaharakisha. Ukiachia mafuta, yanapungua nguvu. Ukinyoosha usukani, kimya.

Kwenye magari yanayovutwa na matairi ya mbele, kama IST, Vitz na Probox nyingi, kila tairi la mbele lina shafti inayoleta nguvu kutoka giaboksi. Tairi linageuka kushoto na kulia, kwa hiyo shafti lazima iweze kukunjika huku ikizunguka. Kazi hiyo inafanywa na jointi yenye gololi, kwa kawaida 6, zinazotembea kwenye mifereji. Mafundi huiita sivijointi. Mfumo huu wa gololi ulibuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa miaka ya 1920, na hadi leo hakuna kilichobadilika sana isipokuwa ubora wa chuma na raba.

Adui wa sivijointi ni buti iliyopasuka. Buti ni ile raba yenye mikunjo kama kinanda cha kuvutwa, na kazi yake ni kutunza grisi. Inapasuka kwa uzee, kwa jiwe, au kwa kijiti kilichonasa ulipokuwa unakatiza shambani. Tairi likizunguka, grisi inarushwa nje na mchanga unaingia. Huhitaji kulala chini ya gari kuiona: geuza usukani hadi mwisho, zima injini, chungulia nyuma ya tairi. Ukiona grisi nyeusi imetapakaa ndani ya rimu na kwenye springi, buti imepasuka.

Hapa kuna tofauti kubwa ya fedha. Buti ikiwa imepasuka lakini jointi bado haijalia, fundi anaweza kuifungua, kuiosha, kuweka grisi mpya ya jointi na buti mpya, na jointi ikaendelea na maisha yake. Jointi ikishaanza kusema "ta-ta-ta", mifereji imeshachimbika. Grisi mpya itaitulizia sauti kwa muda tu, haitaurudisha ule uso wa chuma. Hapo ni kubadilisha jointi. Kwa hiyo chungulia buti kila unapoosha gari, hasa baada ya masika.

Jointi ipi, ya kushoto au ya kulia? Mara nyingi ni ya tairi la nje la kona: ukikata kulia inalia ya kushoto. Lakini si sheria, na buti iliyopasuka ni ushahidi mzuri kuliko sikio.

Je, inaweza kusubiri? Siku chache, ndiyo, ukiendesha taratibu na bila kukanyaga mafuta ghafla kwenye kona. Jointi ikivunjika gari haliachi kutii usukani, bali linakosa nguvu: unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari haliendi. Kuna hatari moja ambayo wengi hawaijui. Kwenye gari la otomatiki, herufi P inazuia gari kupitia shafti hizo hizo. Shafti moja ikikatika ukiwa mlimani, P haitalishika gari, litarudi nyuma. Vuta hendibreki na utafute jiwe kabla hujashuka.

Hiace nyingi za abiria huendeshwa na matairi ya nyuma na hazina shafti mbele kabisa. Fundi akikuambia sivijointi ya mbele ya Hiace ya aina hiyo imekufa, mshukuru, kisha tafuta mwingine. Kwenye Land Cruiser hardtop, kwa upande mwingine, jointi imefichwa ndani ya tufe la chuma nyuma ya tairi, hakuna buti ya kuchungulia. Ukiona uji mweusi mwepesi unachuruzika kwenye tufe hilo, mafuta ya difu yamevuja na kuyeyusha grisi. Ishughulikie kabla jointi haijaanza kulia.

Springi inayoruka

Hii ndiyo iliyonila mimi. Usukani ukizungushwa gari likiwa limesimama, unasikia "ndoing!", mara moja au zaidi, na pengine usukani unajirudisha kidogo. Juu ya shokapu ya mbele, chini ya boneti, kuna beringi inayoiwezesha springi kuzunguka pamoja na tairi. Ikishikwa na kutu au vumbi, springi inajisokota badala ya kuzunguka, mpaka inashindwa na kuruka. Weka kiganja kwa nje ya springi wakati mwenzako anazungusha usukani. Usipenyeze vidole katikati ya mizunguko.

Ukiwa hapo, kagua springi yenyewe kutoka juu mpaka chini. Magari yanayobeba magunia ya viazi au mkaa kupita uwezo wake huvunja springi karibu na mwisho wake, na ncha iliyovunjika inaweza kugusa tairi na kulipasua. Beringi ya shokapu inaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Springi iliyovunjika haiwezi.

Kuunguruma "nguuu" na kupiga mluzi "kwiii"

Kuunguruma kunakoongezeka ukizungusha usukani, usukani nao ukawa mzito au wa kushtuka-shtuka, ni dalili ya mafuta ya steringi kupungua au kuingia hewa. Fungua kopo lake, tazama alama. Mafuta yakiwa na povu, hewa imeingia. Yakiwa chini ya alama, yamevuja mahali, kwa sababu mfumo huu hautumii mafuta kama injini inavyochoma petroli. Ukiongeza leo na kesho yamepungua, tafuta panapovuja kwenye mipira na kwenye raba za raki.

Soma kifuniko kabla ya kumimina. Toyota nyingi za zamani hutumia ATF. Honda ina mafuta yake. Na kwa vyovyote vile usimimine mafuta ya breki, hata kama ndiyo pekee yaliyopo dukani kijijini. Yanavimbisha na kuharibu sili za mfumo mzima, na kilichokuwa lita moja ya mafuta kinakuwa pampu na raki.

Mluzi mkali wa "kwiii" ukifika mwisho wa usukani, hasa asubuhi ya baridi au baada ya mvua, ni mkanda unaoteleza. Ukazwe au ubadilishwe. Mlio hafifu wa mafuta kwenye mwisho kabisa wa usukani ni wa kawaida. Achia kidogo utanyamaza.

Kama gari lako ni IST au Vitz, usihangaike kutafuta kopo hilo. Steringi yao inasaidiwa na mota ya umeme, haina mafuta. Fundi anayetaka kukuwekea mafuta ya steringi kwenye IST hajaliangalia gari.

Zile zisizo na madhara

Kabla ya kununua chochote, chungulia nyuma ya tairi. Kibati kinachokinga diski ya breki kikipinda, au kokoto ikinasa kati yake na diski, gari litalia "kwi-kwi-kwi" mpaka uone aibu sokoni. Dawa yake ni bisibisi. Matope yaliyokauka ndani ya madigadi hukwaruza tairi ukigeuza hadi mwisho, na matairi makubwa kuliko saizi ya kiwandani hufanya vivyo hivyo hata bila matope.

Wenye Hilux na Land Cruiser za kuingiza foowili kwa mkono: ukisahau kuitoa baada ya matope, kisha ukakata kona kwenye lami au udongo mgumu, gari litashikwa kama lina breki, litagonga na kurukaruka. Matairi ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma kwenye kona, na foowili inayalazimisha yazunguke sawa. Rudisha kwenye matairi mawili. Ikigoma kutoka, rudi nyuma kwa rivasi mita chache, usukani ukiwa umenyooka.

Ukifika gereji

Usimwambie fundi "nibadilishie pampu". Mwambie ulichosikia na lini: limesimama au linatembea, upande gani, ukikanyaga mafuta au ukiachia. Mpe rekodi. Kisha omba akuonyeshe mchezo au raba iliyopasuka kwa macho yako kabla hajafungua, na umwambie mapema kwamba utaondoka na spea ya zamani. Bolijointi mbovu utaijua ukiishika mkononi: kile kitufe kinalegea na kuanguka chenyewe, wakati kipya unakizungusha kwa shida.